Kadi 312 na yule mama wa Tabora

Ilikuwa saa saba usiku, nipo jina la 143, ndo nikagundua nimemruka baba mdogo wa bwana harusi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mimi nina steshenari ndogo hapa Moshi, nyuma ya stendi kuu, kachumba kenye kompyuta mbili, printa moja ya rangi, mashine moja ya kopi na benchi la wateja. Wananiita Mangi kama wanavyomwita kila mwenye duka huku kwetu na mimi naitika. Desemba ndo mwezi wetu wa kula, maana kuanzia tarehe 15 hivi watu wanaanza kupanda kutoka Dar na kwingineko, mji unajaa magari, na kila familia kule juu, Kibosho, Machame, Marangu, ina shughuli yake, kama siyo harusi ni kipaimara, kama siyo kipaimara ni kikao cha ukoo, na vyote hivyo vinataka karatasi.

Mwaka juzi akaja kijana wa kamati ya harusi na daftari kubwa, ndani majina 312 yameandikwa kwa peni za rangi tatu tofauti, anataka kadi za mwaliko, kila kadi jina la mwalikwa liwe limechapwa, hataki ya kuandika kwa mkono. Kadi nne kwa karatasi moja, karatasi ngumu, anachukua kesho mchana. Hela ilikuwa nzuri nikasema hakuna shida kaka, lete advansi.

Na kweli sikuona shida, maana nilikuwa na njia yangu. Nafungua kadi kwenye Word, nafuta jina, naandika jina, naenda kadi ya pili nafuta naandika, ya tatu, ya nne, naprinti, narudi juu naanza tena. Nilianza saa mbili usiku. Kufika saa saba macho yanawasha, mke ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama nimepata ajali, na mzee wa watu baba mdogo nimemruka, na kuna mama mmoja nimemtolea kadi mbili. Sasa kwa Wachagga ukimnyima kadi baba mdogo wa bwana harusi hilo jambo halitaishia kwenye harusi, litasemwa mpaka kwenye msiba wako.

Nikafunga nikaenda kulala.

Asubuhi saa mbili nimerudi, wa kwanza kuingia ni mama mmoja mtu mzima wa Kibosho, alikuwa anakuja mara mojamoja kutoa kopi za muhtasari wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akakaa kwenye benchi akawa ananiangalia. Nafuta, naandika, kipanya kushoto, kipanya kulia. Kama dakika kumi hajasema kitu. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, "Mwanangu, hayo majina umeyaandika mahali?"

"Yapo kwenye daftari mama."

"Daftari siyo mahali. Yaandike mara moja kwenye Excel halafu usiyaandike tena."

Nikamwambia mama sijaelewa. Akaniambia sogea.

Jamani. Kwanza alivyokaa tu. Alivuta kiti, akanyoosha mgongo, akapapasa kibodi kama mtu anayetafuta swichi gizani, vidole vya shahada vikatua kwenye F na J. Mimi nimetumia kibodi zaidi ya miaka kumi na siku hiyo ndo nilijua zile herufi mbili zina kinundu kidogo, na kwamba kimewekwa makusudi ili mtu ajue mikono ipo wapi bila kuangalia. Baadaye aliniambia alisomea Chuo cha Uhazili Tabora, taipureta na hatimkato, akawa katibu muhtasi serikalini mpaka anastaafu. Kipanya hakukigusa. Kilikaa pale pembeni kama simu ya mgeni.

Akaniambia nimsomee majina. Mimi nasoma yeye anaandika, safu ya kwanza Jina, ya pili Upande, yaani bwana au bibi harusi, mstari wa juu kabisa vichwa vya safu. Chini ya saa moja majina yote 312 yapo ndani, akayapanga kwa alfabeti, hapo hapo tukaona waliojirudia wako wanne, wamekaa mmoja juu ya mwenzake, tukawatoa, na baba mdogo yupo.

Halafu akafungua Word, akaingia kwenye Mailings. Hiyo tabo nilikuwa naiona kila siku pale juu, nilidhani ni mambo ya barua pepe. Akachagua Labels kwa sababu tunataka kadi nne kwa karatasi, akatengeneza kadi ya kwanza, akaunganisha na ile Excel pale kwenye Select Recipients, akaweka uga wa Jina, yaani alama ya kuvuta jina kutoka Excel, mahali pa jina, akabonyeza Update Labels ili kadi nyingine tatu zifuate ya kwanza. Hapo kwenye Update Labels shika sana, maana mara ya kwanza nimefanya peke yangu niliisahau nikapata kadi moja yenye jina na tatu zisizo na kitu kwa kila karatasi. Akabonyeza Finish, na mbele yangu zikaja karatasi 77, kila kadi ina jina lake.

Nilikaa kimya. Yeye akasema, "Hii sisi tulikuwa tunafanya kwenye WordPerfect, barua za semina. Wewe ulikuwa bado unavaa kaptula."

Nilimtolea kopi zake bure siku hiyo na akakataa kuchukua bure, akaacha buku mezani.

Nimeanza na hii stori kwa sababu tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja, ilikuwaje kitu kipo mbele ya pua yangu miaka yote hiyo, kwenye programu ninayoifungua kila asubuhi, na mimi nahangaika mtandaoni natafuta "programu ya kutengeneza kadi za harusi"? Na siyo kuhangaika tu. Kuna moja niliipata kwenye flashi ya rafiki, ya kukrakiwa, nikaiweka, na wiki hiyo hiyo kila flashi inayoingia kwenye mashine yangu ikawa inatoka na mafolda yamegeuka shotikati, ukibofya hayafunguki. Nadhani kila mwenye steshenari Tanzania anaujua ule ugonjwa. Wateja wanalia data zimepotea, na mimi nilikuwa nawapeleka kwa fundi mmoja anachukua elfu tano kwa flashi "kurudisha data".

Data hazijaenda popote. Kirusi kinazificha tu, kinaziwekea alama ya kufichwa na alama ya faili la mfumo, halafu kinaweka shotikati za uongo juu yake. Kwenye Windows yenyewe kuna amri ya kuondoa hizo alama, ipo tangu enzi za DOS. Unafungua Command Prompt, kama flashi ni E unaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* unabonyeza Enter, unasubiri, mafolda yanarudi. Zile shotikati unafuta, halafu unaiskani flashi na ile antivairasi ya Windows yenyewe, maana tangu Windows 8 Defender ni antivairasi kamili, siyo lazima ukanunue nyingine wala, Mungu apishie mbali, ukakraki nyingine. Yule fundi siku hizi akipita hatusalimiani sana.

Basi jibu la swali langu nadhani ni hili, mimi kompyuta nilijifunza kwa kumtazama mtu. Wiki mbili kwenye duka la jamaa yangu, alichofanya ndo nikafanya, naye alijifunza kwa mtu mwingine hivyo hivyo, na katika huo mnyororo hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua menyu akauliza hii ni ya nini. Tulirithishana vibofyo kama watu wanavyorithishana njia ya mkato ya shambani, huku barabara ya lami ilishajengwa pembeni.

Nilipoanza kuamka nikafanya kosa lingine. Nikapakua karatasi moja ya shotikati mia moja za kibodi, nikaiprinti kwa rangi, nikaibandika ukutani. Ipo mpaka leo, imepauka, sijui nimetumia ngapi, labda tatu. Mama aliiona akacheka. Yeye alinipa dawa tofauti kabisa. Alichukua karatasi iliyoharibika, akakunja, akaiweka kando ya kibodi akasema kwa wiki nzima kila mkono wako ukirudia kitu kilekile mara ya tatu, piga kijistari, andika ni kitu gani. Usirekebishe chochote, andika tu.

Wiki ikaisha. Nikajishangaa. Mimi nilidhani muda wangu unaliwa na mashine kuwa nzito. Vijistari vingi kuliko vyote vilikuwa vya kukopi na kupesti, nakopi kitu kimoja naenda napesti narudi nakopi kingine naenda tena, kama mtu anayehamisha matofali moja moja. Cha pili kubadilisha majina ya faili nilizoskani. Cha tatu kurekebisha vitu ambavyo Word yenyewe imeharibu. Kwa hiyo nikahitaji kujifunza vitu vitatu, siyo mia.

Cha kwanza ni Windows na V. Siyo Ctrl na V ile tunayoijua wote, ambayo tunamshukuru marehemu Larry Tesler, yule Mmarekani aliyeyafanyia kazi mambo ya kukata, kukopi na kupesti pale Xerox miaka ya 1970, akafariki 2020. Hii ni nyingine, iliongezwa kwenye Windows 10 mwaka 2018. Unaikubali mara ya kwanza inapokuuliza, basi tangu hapo mashine inakumbuka vitu 25 vya mwisho ulivyokopi, unakopi jina, namba, tarehe, kiasi, vyote mfululizo, halafu unaenda upande wa pili ukibonyeza Windows na V unachagua kimoja kimoja. Ukizima mashine vinafutika, isipokuwa ulivyovipiga pini. Mimi nimepiga pini anwani ya duka, namba ya kulipia na ile sentensi ya "kazi ikishatoka haina marejesho". Angalizo moja, kama mnatumia mashine wawili kumbuka kila ulichokopi kinaonekana humo, hata nywila.

Cha pili ni F2. Faili limechaguliwa, F2, andika jina, halafu usibonyeze Enter, bonyeza Tab, linafunguka la pili tayari kwa jina. Faili 40 za vyeti nilikuwa nazimaliza kwa robo saa, siku hizi dakika nne tano. Na kama majina yanafanana unazichagua zote kwa pamoja, F2, unaandika "Cheti Asha", zote zinakuwa Cheti Asha (1), (2), (3) zenyewe.

Cha tatu, hii ya Word kuharibu, hapa nina kinyongo binafsi. Ukiandika Kiswahili Word inakuchorea mistari myekundu ukurasa mzima kama mwalimu mwenye hasira, mpaka mteja akichungulia skrini anasema Mangi mbona umekosea kila neno. Unachagua maandishi yote kwa Ctrl na A, unaingia Review, Language, Set Proofing Language, unaweka tiki kwenye ile ya kutokagua tahajia, ukurasa unatulia. Halafu kuna ile ya mihutasari, kila mtu wa vikao anaijua, unaandika kipengele (a), unaandika (b), ukifika cha tatu Word inageuza inakuwa ile alama ya hakimiliki ©. Nimeona mihutasari ya vikundi imegongwa mhuri na kusainiwa na mwenyekiti ikiwa na "ajenda ya ©". Ukiona imegeuka bonyeza Ctrl na Z hapo hapo inarudi, lakini bora uingie kwenye AutoCorrect uifute kabisa kwenye orodha yao.

Na ukishakuwa humo ndani ya AutoCorrect, usitoke. Ile orodha inakubali na ya kwako. Mimi nimeiambia nikiandika "mkk" na nafasi iandike "MUHTASARI WA KIKAO CHA KAWAIDA KILICHOFANYIKA TAREHE", nikiandika "ywm" inaandika "Yaliyotokana na muhtasari uliopita". Kuna kikundi kina jina refu hilo, maneno tisa, sasa hivi ni herufi tatu. Yaani adui wangu nimemfanya kibarua.

Tukija kwenye michango, hapa ndo nadhani kila mtu anayesoma hii atanielewa maana nani hajawahi kuwa mweka hazina wa kamati. Orodha inaanzia kwenye grupu la WhatsApp, namba moja mpaka themanini, kila mtu anakopi anaongeza la kwake anapesti, wawili wakipesti kwa wakati mmoja mmoja anapotea, ugomvi. Wananiletea mimi niweke vizuri. Nilikuwa naiandika upya yote na kujumlisha kwa kikokotoo cha simu, nisitukanwe tafadhali.

Sasa hivi naipesti kwenye Excel, safu moja. Pembeni naandika kwa mkono jina la mtu wa kwanza tu kama ninavyolitaka, nashuka kwa wa pili nabonyeza Ctrl na E, yenyewe inaangalia mfano wangu inatoa majina yote yaliyobaki. Safu nyingine hivyo hivyo kwa ahadi, nyingine kwa alicholipa. Ipo tangu Excel ya 2013. Ila inakisia, haijui, kwa hiyo pitia kwa jicho, kuna siku mtu alikuwa amejiandika "Baba wawili 50,000" ikanichanganyia yeye na watano waliomfuata.

Kuna mtego wa hela. Watu wanaandika 100,000/= na Excel ikiona ile /= inachukulia ni maneno, ukijumlisha inakupa sifuri, nimeshawahi kuona mweka hazina anatoka jasho kwa sababu ya hiyo sifuri. Ctrl na H, tafuta /= badilisha na kitu kitupu, zote, zinakuwa namba. Wanaoandika "laki" na "50k" hao rekebisha mwenyewe, hakuna programu itakayowaelewa. Namba za simu nazo, ile sifuri ya mbele inamezwa, kwa hiyo kabla hujapesti ifanye ile safu iwe ya maandishi. Halafu bonyeza Ctrl na T orodha yote inakuwa jedwali, safu ya Baki ukiandika fomula mara moja inajaza mpaka chini, na kila kichwa cha safu kina kimshale cha kuchuja, wasiolipa peke yao, waliomaliza peke yao.

Mimi kwa ujuzi wangu mpya nikaenda mbele zaidi nikaifanya Excel ipake rangi nyekundu yenyewe kwa kila ambaye hajalipa kitu. Nikajiona mtaalamu. Mama alikuwa kwenye ile kamati, akaangalia skrini akanyamaza kidogo, akasema, "Toa hiyo nyekundu mwanangu. Hiyo karatasi itatumwa kwenye grupu, na huyu wa tatu ndiye anayetoa ng'ombe." Nikaitoa. Kuna vitu mashine inaweza na hutakiwi kuiruhusu.

Umeme. Hili kila mtu ana stori yake. Yangu ni ya mzee mmoja wa ukoo mkubwa tu, kikao cha mambo ya mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo, kurasa tisa, anasoma mwenyewe kwa sauti mimi nataipu, karibu saa nzima, na sijasevu hata mara moja maana mzee hapumziki. Puu, giza. Mzee ananiangalia, mimi naangalia skrini. Umeme uliporudi nikafungua Word nikiwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi, ikaniletea pembeni nakala iliyojihifadhi yenyewe, imepungua aya mbili tu. Word inajisevia kila dakika 10 kama hujabadilisha chochote. Mimi siku hiyo hiyo niliingia Options, Save, nikaweka dakika 1. Na kama ni wewe mwenyewe ulifunga ukabonyeza usisevu kwa bahati mbaya, ingia File, Info, Manage Document, kuna sehemu ya kurudisha zisizosevuwa, mara nyingi utaikuta. Mzee alisema, "Kumbe hii mashine ina akili kuliko wewe." Sikubishana, alikuwa bado hajalipa.

Bando sasa. Nilikuwa nawasha hotspoti ya simu, GB moja, nitume barua pepe mbili za wateja, dakika ishirini limeisha. Nikawa nawalaumu watu wa simu bure. Kompyuta ikiona waifai inadhani ni ile ya ofisini isiyoisha, inaanza kuvuta apdeti kimyakimya. Nenda Settings, Network, fungua sifa za ile waifai ya simu yako, washa Metered connection. Apdeti nyingi zinasimama, na programu nyingi za nyuma ya pazia zinapunguza ulafi. Pia angalia kwenye mambo ya apdeti kuna Delivery Optimization, inaweza ikawa imeruhusiwa kuwagawia apdeti watu wengine intaneti kwa kutumia bando lako wewe mlalahoi wa Moshi, izime. Ila apdeti zenyewe msizikimbie, siku ukipata waifai ya kueleweka ziache zishuke. Mashine yangu moja bado ni Windows 10 ambayo Microsoft walishaacha kuihudumia kwa kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na haikubali 11 kwa sababu haina TPM 2.0, ile chipu ya usalama, kwa hiyo hiyo nimeitoa kwenye mtandao, inataipu na kuprinti tu.

Mwezi wa maombi ya mikopo ya chuo na ajira ndo utaona watu wanavyojitoa kafara. Mfumo unataka PDF, mtu ana picha sita za vyeti kwenye simu, anaingia kwenye tovuti ya kwanza anayoikuta, anapandisha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA kwa watu asiowajua, ili wamgeuzie bure. Chagua zile picha sita, bofya kulia, Print, pale kwenye printa chagua Microsoft Print to PDF, inatoka PDF moja ya kurasa sita. Ipo tangu Windows 10 ya 2015, haihitaji hata intaneti. Picha ya pasipoti ikikataliwa kwa kuwa kubwa, Paint, Resize, punguza asilimia, basi. Paint ina umri wa kutosha, ilikuja na Windows ya kwanza kabisa 1985, na bado haijaniangusha.

Wanachuo na ripoti zao za field sitawaandikia mengi maana nitakasirika. Mtu anatengeneza orodha ya yaliyomo kwa kubonyeza nukta, nukta, nukta mpaka mwisho wa mstari, kurasa 60, supavaiza akiongeza aya moja namba zote zimehama, analeta tena kwangu nizipange. Weka vichwa vya habari kwa Heading 1 na Heading 2, nenda References, Table of Contents, imeisha hiyo. Kikibadilika kitu bofya pale ndani ubonyeze F9. Nimeshawaambia wengi. Nusu wananisikiliza, nusu wananilipa.

Na mama? Bado anakuja, kila mwisho wa mwezi na muhtasari wake, na safari nyingine na mkungu mdogo wa ndizi. Kuna vitu mimi ndo nimemfundisha, ile Windows na V hakuwa anaijua, alivyoiona alipiga makofi kama mtoto. Lakini ameniambia ukweli, kwamba mimi nimejifunza njia zote ila mikono yangu bado ni ya kuku anayedonoa mahindi, vidole viwili, macho chini. Alinipa zoezi. Funika mikono na kibodi kwa khanga, andika bila kuona, dakika kumi na tano kila asubuhi kabla ya kufungua duka, anza na asdf na jkl mpaka vidole vizoee.

Nina miezi minne sasa. Nimefika maneno 23 kwa dakika, yeye akiwa Tabora mtu wa 23 alikuwa anarudishwa nyumbani. Jana nilisahau muda, wateja wakaanza kuingia wakanikuta nimekaa na khanga mapajani imefunika mikono mpaka kibodi, najitahidi kuandika "baki la mwezi uliopita" na kwenye skrini inatoka "bako ka mwezo". Mama ntilie wa jirani akasimama mlangoni akaniangalia vizuri.

"Mangi, unaumwa mikono?"